Kabla hujalipia kamera za msikiti, uliza stima yake inatoka wapi

Hapa kwetu Pwani, kamera za ulinzi zimekuwa jambo la kawaida. Zamani tulizizoea benki na kwenye mahoteli ya watalii. Leo ziko msikitini, madrasani, kwenye maduka ya Marikiti, kwenye mageti ya nyumba za kupanga na hata kwenye vibanda vya M-Pesa. Watu wanachanga pesa, fundi anakuja na ngazi na drili, na ikifika jioni picha zinaonekana kwenye simu ya mwenyekiti. Kila mtu anafurahi.

Lakini kuna swali moja ambalo halipati kuulizwa siku hiyo: ile kamera iliyoko pale juu inapata wapi stima?

Mwaka jana msikiti mmoja mtaani kwetu ulivunjwa sanduku la sadaka usiku wa manane, stima ikiwa imepotea. Kamera zilikuwa 6. Mashine ya kurekodi ilikuwa ofisini na betri yake ya dharura, taa zake zinawaka vizuri. Lakini kila kamera ilikuwa na adapta yake, imechomekwa kwenye soketi ya ukutani karibu nayo. Stima ilipokatika, mashine ilibaki macho ikirekodi giza tupu. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi. Kilichouma ni kwamba baada ya siku chache watu walianza kumnyooshea kidole kijana anayefagia msikiti, maana yeye ndiye mwenye ufunguo. Hapakuwa na picha ya kumtia hatiani wala ya kumsafisha. Kijana aliacha kazi, na maneno hayajaisha mpaka leo.

Kamati ilipoamua kufunga upya, mafundi wawili walileta bei. Wa kwanza alikuwa rahisi, na mpango wake ulikuwa uleule wa adapta. Wa pili alikuwa ghali zaidi, na kwenye karatasi yake kulikuwa na maneno "swichi ya PoE, matundu 8". Mimi si mhandisi, nina diploma yangu tu ya umeme, lakini wazee waliniita niwaeleze hiyo PoE ni kitu gani na kama ni halali kuitolea pesa za waumini. Niliyowaambia ndiyo ninayoyaandika hapa, maana najua kamati nyingine nyingi ziko kwenye njia hiyohiyo.

Waya mmoja, kazi mbili

Swichi ya mtandao si ile ya kuwashia taa. Ni kile kiboksi chenye matundu yaliyojipanga, ambamo kebo za intaneti huchomekwa. Kompyuta, kamera, simu za mezani za ofisini na vile visahani vya wai-fai vya kwenye dari vyote hukutana hapo vikapeana habari. Swichi ya kawaida hupitisha habari peke yake. Swichi ya PoE hupitisha habari pamoja na umeme, kwenye kebo ileile, kupitia tundu lilelile. Kwa hiyo kamera inahitaji waya mmoja tu. Haihitaji soketi karibu yake wala adapta.

Jambo hili si geni kama linavyosikika. Wale wa rika langu na wakubwa wetu wanakumbuka simu za mezani za zamani, zile za kuzungusha kwa kidole. Stima ikipotea mtaa mzima, simu bado ilikuwa ikilia. Sababu ni kwamba simu ile haikutumia stima ya nyumbani. Ilipata umeme wa volti 48 kutoka kwenye mabetri yaliyokuwa kwenye kituo cha simu, kupitia waya uleule uliobeba sauti. PoE imerudisha wazo hilo, na hata volti zake ziko palepale, kati ya 44 na 57.

Mzee mmoja kwenye kamati aliniuliza swali zuri sana. "Mwanangu, stima na picha zitapitaje kwenye waya mmoja zisichanganyikane?"

Nikamwambia, mzee wangu, ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya 8 nyembamba, zimesokotwa mbilimbili, kwa hiyo ni jozi 4. Habari hupita kwenye jozi kama mtikisiko wa kasi mno, mamilioni ya mara kwa sekunde, na kinachosomwa ni tofauti iliyopo kati ya waya mmoja na mwenzake. Umeme wa PoE ni wa aina ya betri, umetulia, hautikisiki. Unapandishwa sawasawa kwenye nyaya zote mbili za jozi moja, na unarudi kwenye nyaya zote mbili za jozi nyingine. Kwa kuwa nyaya mbili za jozi zimebeba umeme sawa, tofauti kati yao haibadiliki, na habari inasomeka kama vile umeme haupo. Ni kama jahazi lililobeba mizigo: maji yakijaa au yakitoka, chombo chote hupanda na kushuka pamoja, lakini marobota yaliyomo ndani yanabaki vilevile yalivyopangwa.

Kwenye kila ncha ya kebo kuna transfoma ndogo ambayo kazi yake ni kutenganisha: mtikisiko unaelekea kwenye sehemu ya habari, na umeme uliotulia unaelekea kwenye sehemu ya kulisha kifaa.

Swichi huuliza kwanza

Hofu ya pili ya wazee ilikuwa hii: mtoto wa madrasa akichomeka kompyuta yake kwenye tundu lenye umeme, si itaungua?

Haitaungua, ikiwa swichi inafuata kiwango cha kimataifa. Swichi ya namna hiyo haimwagi umeme ovyo. Kifaa kikichomekwa, kwanza inatuma volti kidogo sana, chini ya 10 au hapo, na kupima kama upande wa pili kuna ukinzani wa omu 25,000 hivi. Ukinzani huo umewekwa makusudi ndani ya kila kifaa cha PoE ili kiwe alama yake. Swichi ikiukuta, inajua kwamba huyu ni wa kulishwa. Kisha inapandisha volti kidogo na kuuliza swali la pili: wewe ni wa daraja gani, unahitaji wati ngapi? Baada ya kujibiwa ndipo inapofungua umeme kamili. Mambo yote haya huisha ndani ya sekunde moja hivi. Kompyuta ya kawaida haina ile alama, kwa hiyo inapata mtandao bila umeme.

Na kebo ikichomolewa, swichi inahisi kwamba hakuna anayekula tena, na inakata umeme kabla nusu ya sekunde haijaisha. Ndiyo maana kebo iliyokatika ikaning'inia haibaki na umeme.

Hapa kuna mtego mmoja. Sokoni kuna vifaa vingine, hasa vile vya antena za intaneti za kwenye paa, ambavyo hutumia umeme wa kebo bila kuuliza chochote. Vingi ni vya volti 24. Kiboksi chake kidogo kinamwaga umeme wakati wote, kiwe kimeunganishwa na kitu sahihi au kibaya. Ukichomeka hapo kifaa kisichohusika, unaweza kukiua. Na kifaa cha volti 24 hakitakubali kuzungumza na swichi ya kiwango, kwa hiyo hakitawaka. Ndiyo sababu haitoshi boksi kuandikwa "PoE". Tafuta namba zinazoanza na 802.3, ambazo ndizo za kiwango cha taasisi ya wahandisi ya IEEE.

Namba tatu za kukariri

Kabla ya viwango hivyo kuwepo, kampuni kubwa kama Cisco zilikuwa na utaratibu wao wenyewe, na kifaa cha huyu hakikuelewana na swichi ya yule. Kiwango cha kwanza kilipitishwa mwaka 2003, kinaitwa 802.3af. Kila tundu linaweza kutoa hadi wati 15.4. Mwaka 2009 kikaja 802.3at, ambacho kimefikisha wati 30. Mwaka 2018 kikaja 802.3bt, ambacho hutumia jozi zote 4 na kutoa hadi wati 60 au 90, kulingana na aina.

Kamera ya kawaida isiyozunguka inatosheka na kiwango cha kwanza. Simu ya mezani ya ofisini pia. Kamera kubwa ya kuzunguka, na visahani vingi vya kisasa vya wai-fai, vinataka cha pili. Cha tatu ni cha mambo makubwa zaidi, na msikiti wa mtaani hauna haja ya kukilipia.

Ukisoma karatasi ya kifaa utaona namba nyingine zilizo ndogo zaidi: 12.95 badala ya 15.4, na 25.5 badala ya 30. Hakuna aliyekuibia. Zile kubwa ni wati zinazotoka kwenye tundu la swichi, na zile ndogo ni zinazohakikishwa kufika kwenye kifaa. Tofauti yake inaliwa njiani na kebo. Hesabu yake ni ya shule: kiwango cha kwanza kinachukulia kwamba mita 100 za kebo zina ukinzani wa omu 20 kwenda na kurudi, na mkondo ni ampea 0.35. Zidisha 0.35 kwa 0.35, kisha kwa 20, unapata wati 2.45. Toa kwenye 15.4, inabaki 12.95. Wati hizo zinazopotea zinageuka joto ndani ya kebo.

Hesabu hiyo ishike, maana ndiyo inayoeleza kwa nini kebo mbaya inaharibu kazi nzuri.

Kebo ya rangi ya shaba

Kwenye maduka yetu kuna maboksi ya kebo yaliyoandikwa Cat5e au Cat6 ambayo yanauzwa kwa bei ya kushangaza. Nyingi ya hizo nyaya si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa macho huwezi kuitambua, inang'aa vilevile. Lakini alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 61 tu ukilinganisha na shaba ya unene uleule. Ukinzani unapanda, joto linapanda, na wati zinazofika mwisho zinapungua. Isitoshe, alumini inakatika upesi ikipindwa, na viwango vya kebo za mtandao havikuiruhusu.

Kwa habari peke yake na masafa mafupi, kebo hiyo inaweza kufanya kazi na mwenye nyumba asijue. Ikibeba umeme kwa mita 70 au 80 mpaka kwenye mnara wa msikiti, kamera inaanza kujizima na kujiwasha, na fundi anakwambia kamera ni mbovu, ununue nyingine.

Kupima ni rahisi. Omba kipande cha kebo, chuna waya mmoja, ukwaruze kwa wembe. Ukikuta rangi ya shaba mpaka ndani, sawa. Ukikuta weupe wa fedha, hiyo ni alumini. Hata uzito wa boksi zima unasema: la shaba ni zito, la alumini ni jepesi.

Pia angalia kichwa cha kebo kinavyobanwa. Kuna mafundi wanaobana nyaya 4 tu kati ya 8, kwa hoja kwamba kamera haihitaji zaidi. Kwa habari za spidi ya kawaida ya kamera ni kweli, namba 1, 2, 3 na 6 zinatosha. Lakini kiwango kinaruhusu umeme upite kwenye hizo au kwenye 4, 5, 7 na 8, na anayechagua ni chombo kinacholisha. Leo umefunga nyaya 4 na swichi yako inazitumia hizo. Kesho umebadilisha chombo, kamera haiwaki, na kebo iko ndani ya ukuta uliokwisha pigwa lipu. Nyaya zote 8 zibanwe tangu siku ya kwanza.

Na masafa yasipite mita 100 kutoka kwenye swichi hadi kwenye kifaa. Huo ni mpaka wa habari, hata kama umeme ungeweza kuendelea kidogo mbele.

Kamera zinazozimika baada ya Magharibi

Lipo kosa jingine ambalo nimelikuta mara nyingi. Swichi ina matundu 8, mwenye duka amechomeka vifaa 8, mchana kila kitu kinafanya kazi. Jioni ikiingia, kamera moja au mbili zinapotea. Asubuhi zinarudi. Watu wanasema ni majini.

Si majini, ni wati. Kamera ya usiku ina taa za infraredi ambazo macho yetu hayazioni. Giza likiingia taa hizo zinawaka, na kamera iliyokuwa ikila wati 4 mchana inaweza kufika 7. Sasa swichi, mbali na kipimo cha kila tundu, ina jumla yake, yaani wati zote inazoweza kugawa kwa pamoja. Chukua mfano wa swichi ya matundu 8 yenye jumla ya wati 60. Usidhani kila tundu litapata 15.4, maana mara 8 hiyo ingekuwa 123.2. Kamera 7 za wati 7 ni 49, bado uko salama. Ongeza kisahani cha wai-fai cha wati 13, umefika 62. Swichi haina pa kutoa, kwa hiyo inamkata mtu. Swichi nyingi huanza na tundu lenye namba kubwa. Kama hapo ndipo ulipochomeka kamera ya mlango mkuu, basi mlango mkuu ndio utakaokosa ulinzi usiku.

Dawa yake ni kujumlisha wati za usiku za kila kifaa kabla ya kununua, na kuacha nafasi ya robo hivi kwa ajili ya kesho. Na kifaa chenye umuhimu mkubwa kiwekwe tundu namba 1.

Chumvi, masika na radi

Vitabu vya mafundi viliandikwa kwa ajili ya ofisi zenye ubaridi na zulia. Sisi tuna bahari.

Hewa ya chumvi ikiingia kwenye kichwa cha kebo kilichoachwa wazi, inaleta kutu ya kijani. Kichwa chenye unyevu na umeme uliotulia ndani yake kinaliwa haraka kuliko kile kisicho na umeme, kwa sababu umeme wenyewe unasukuma ule ulaji wa madini. Kwa hiyo kiungo cha kamera ya nje kiwe ndani ya boksi lisilopitisha maji, si kuning'inia nyuma ya kamera kimezungushwa selotepu. Kebo ya nje iwe ile ya maganda meusi ya kuhimili jua. Na kabla haijaingia ukutani, ipindwe chini kidogo kama tumbo la kamba, ili maji ya masika yadondokee nje badala ya kufuata kebo hadi ndani.

Radi nayo. Kebo ya shaba kutoka juu ya mnara hadi ofisini ni njia iliyo wazi. Si lazima radi ipige mnara wenyewe, ikipiga jirani inatosha kuingiza msukumo kwenye kebo ukaua swichi na kila kilichochomekwa hapo. Kuna vizuizi vya msukumo vya kuwekwa kwenye ncha za kebo, lakini bila erthi ya kweli ni mapambo tu. Na ikiwa kebo inatoka jengo moja kwenda jingine, kwa mfano kutoka msikitini kwenda madrasa ya ng'ambo ya uwanja, njia salama ni kutumia faiba. Faiba ni kioo, haipitishi umeme kabisa. Ndiyo, haitabeba PoE pia, kwa hiyo utahitaji swichi ndogo upande wa pili yenye stima yake. Gharama inaongezeka, lakini radi ya jengo moja haitahamia la pili.

Kuna joto pia. Swichi ya PoE inatoa joto zaidi ya ile ya kawaida. Ukiifungia ndani ya kabati la mbao lisilo na tundu la hewa, mwezi wa Februari, unaipunguzia umri.

Betri moja badala ya sita

Sasa turudi kwenye jambo lililosababisha mazungumzo yote. Kamera zikila kutoka kwenye swichi moja, unahitaji kulinda sehemu moja tu ili mfumo wote ubaki macho stima ikipotea. Agosti 2023, na tena Desemba mwaka huohuo, sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani kwa saa nyingi. Bila kutaja kukatika kwa kila wiki mitaani kwetu.

Tupige hesabu. Kamera 8 za wastani wa wati 6 ni 48. Swichi yenyewe 7, mashine ya kurekodi 15, ruta 10. Jumla ni wati 80. Betri ndogo ya dharura ya kompyuta, yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ndani, ina wati-saa 84. Kwa karatasi ni saa moja. Kwa kweli betri ndogo ikikamuliwa haraka hivyo haitoi vyote, na sehemu inapotea wakati wa kubadilisha umeme, kwa hiyo shukuru ukipata nusu saa. Betri kubwa ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ya asidi hutakiwi kuimaliza, tumia nusu tu, 600. Toa asilimia 15 ya kupotea, inabaki 510. Gawanya kwa 80, unapata saa 6 na ziada. Hiyo inakutoa Isha hadi baada ya usiku wa manane.

Zingatia kwamba betri lazima ilishe vyote vitatu: swichi, mashine ya kurekodi na ruta. Ukisahau mashine, kamera zitaona lakini hakuna atakayekumbuka. Ukisahau ruta, hutaona picha kwenye simu yako.

Pia kuna usalama wa watu. Mpango wa adapta unataka soketi za volti 240 juu ya ukuta, kwenye dari, karibu na udhu, na mara nyingi huishia kwa ekstenshoni zilizounganishwa moja kwa nyingine. Kazi ya volti 240 kisheria ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, na wengi wanaofunga kamera hawana. Volti 57 za PoE, kutoka kwenye chombo kinachokata chenyewe kikihisi hitilafu, ni jambo jingine kabisa mahali penye watoto na maji. Ila kebo hizo zisipitishwe ndani ya bomba moja na nyaya za 240.

Si kila mahali panaifaa

Nisije nikaonekana nauza swichi. Duka lenye kamera mbili juu ya kaunta, soketi ipo hapohapo, na ekstenshoni ya betri ipo, halina sababu ya kubadilisha chochote. Na kamera za kebo nene ya koaksi, zile zenye kichwa cha kuzungusha, hazitumii PoE, kwa hiyo swichi hiyo haitazisaidia kitu. Ni kamera za mtandao peke yake.

Pia kumbuka kwamba kukusanya kila kitu mahali pamoja kuna gharama yake: swichi ikifa, kamera zote zinakufa nayo. Ndiyo maana chumba chake kifungwe kwa ufunguo, na kamati yenye uwezo iwe na swichi ya akiba, hata ndogo.

Ya kumuuliza fundi

Kamati yoyote, iwe ya msikiti, kanisa, shule au wapangaji, naishauri isitie sahihi kabla ya kupata majibu haya kwa maandishi. Swichi ni ya kiwango gani, 802.3af au 802.3at? Jumla ya wati zake ni ngapi, na vifaa vyetu vyote vikiwaka usiku vinakula ngapi? Kebo ni ya shaba tupu, na tunaweza kukwaruza kipande? Nyaya zote 8 zitabanwa? Kebo ndefu kuliko zote ina mita ngapi? Betri italisha vitu gani, na kwa saa ngapi? Vizuizi vya radi vitafungwa kwenye erthi ipi?

Kisha siku ya kukabidhiwa kazi, ngojeni giza liingie, muende kwenye meni swichi na kukata stima yote. Kaeni chini na saa mkononi, mtazame picha kwenye simu. Kama kamera zinabaki macho kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi, mlipeni fundi haki yake kabla jasho halijakauka. Kama zinazima, malipo ya mwisho yasubiri mpaka arekebishe.

Kamati yetu ilichagua fundi wa pili, lakini si kwa bei aliyoileta. Walipomuuliza hesabu ya wati, aligundua mwenyewe kwamba alikuwa ameweka swichi kubwa kuliko inavyohitajika, akapunguza. Pesa iliyobaki ikaenda kwenye betri. Mzee aliyeniuliza lile swali ndiye aliyesimamia jaribio la kukata stima. Alikaa barazani kuanzia baada ya Isha na tasbihi yake, simu imeegemezwa kwenye birika la kahawa, na hakuruhusu mtu yeyote kuiwasha meni mpaka saa 5 na nusu zikatimia.